Migomba ya Bibi Apolonia

Hadi leo mtu akinisimamisha sokoni Karatu akasema, "Mama Miche, nipe mti mzuri wa kupanda uwani," nashtuka. Mti mzuri! Kama vile anaomba kibiriti. Mzuri wapi, baba? Kwako ni Buger au Daa? Ni juu kwenye ukungu au huku chini kwenye vumbi? Una maji? Una mbuzi? Una tembo? Hapo mtu ananitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, anasema hapana Mama, nataka wa kivuli tu. Basi nyinyi mnaobaki kitaluni ndio ninaowaandikia haya, maana swali hilo mtaulizwa mpaka mchoke, na nisingependa mlijibu haraka haraka.

Mambo ya vyeo na semina nayaruka. Kwenye semina nakumbuka maandazi tu. Nianze na siku niliyofika.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa nane, nikitoka chuo cha misitu. Lami ilikuwa bado, na Karatu yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Mbulu. Mimi ni Mpare wa Same, nimekulia kwenye ukame, kwa hiyo niliposikia nimepangiwa kazi "karibu na Ngorongoro" niliruka kwa furaha. Nilijua nakwenda kuishi ndani ya picha ya kalenda: msitu, ukungu, kijani mpaka macho yachoke. Basi likapanda ule ukuta wa bonde kutoka Mto wa Mbu, nami nikafungua dirisha nikione hicho kijani. Loo! Vumbi jekundu lilinivamia lote, kana kwamba lilikuwa linanisubiri mimi peke yangu. Niliposhuka stendi, kilemba changu cheupe kilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma. Nikamwuliza kondakta, "Kaka, Ngorongoro yenyewe iko wapi?" Akanionyesha mawingu kule juu mlimani. "Ile pale. Hapa ni Karatu, dada, mvua tunaitazama kwa jirani."

Mkuu wa kitalu alikuwa Bwana Akonaay, Mwiraqw wa palepale, mrefu, mwembamba, aliyesomea misitu mpaka ng'ambo na hakupenda mtu asahau jambo hilo. Nilimpa shikamoo yake na barua yangu ya kazi. Barua akaiweka chini ya kikombe cha chai bila kuifungua. Akaniuliza, "Upepo unatoka wapi?"

Nilibabaika. Nikamwuliza ana maana gani.

"Si swali gumu, binti Mpare. Upepo. Unatoka wapi?"

Nikatazama dirishani, nikatazama dari, nikasema sijui. Jamani, aibu niliyoiona siku ile! Nilikuwa nimekariri majina ya miti kwa Kilatini, na upepo ulionichafua kilemba mchana ule ule sikujua umetoka upande gani. Akanikabidhi mtaimbo, ule wa chuma wa kuchimbia mashimo ya nguzo, akaniambia nikasimame nje mpaka nijue, halafu nichome chini nimwambie na udongo unasemaje. Nikasimama. Ulikuwa unatoka mashariki, upande wa bonde la Manyara, na ulikuwa hauna hata chembe ya adabu.

Huo mtaimbo nimeutumia mpaka nimestaafu, na ndio ule ulioegemezwa nyuma ya mlango wa stoo. Msiuze. Unauchoma ardhini mahali mtu anapotaka mti. Ukizama vizuri, mizizi nayo itazama. Ukigonga na kurudi mkononi, hapo chini pana tabaka gumu, na mti utakaoupanda utakaa miaka miwili mitatu kama mgeni anayeogopa kuvua viatu, kisha siku ya upepo utalala. Bwana Akonaay alinipitisha nao Buger, akanipitisha nao Daa, kila mteremko na kila bonde. Miche ile ile ya mgrevilea, ya kiriba kile kile, Buger kwenye udongo mzito ilinipita kimo kabla sijazoea njia ya kwenda huko. Kwingine, mwendo wa kutembea tu kutoka hapo, ilikauka ncha zote. Nilikuwa nashika kichwa. Yeye alikuwa anacheka na kuwasha sigara.

Ukingoni mwa kreta ndiko nilikoshtuka zaidi. Hoteli moja, jina lake naliacha, ilituomba miti ya bustani. Meneja alikuwa mtu wa pwani, anaona baridi mno, akataka bustani imkumbushe kwao: mwarobaini, mpapai, mikrismasi ya maua mekundu. Nikamwambia huku miti hiyo haiwezi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, wageni wanapenda tropiki." Basi akaileta mwenyewe kwa gari kutoka kusikojulikana. Asubuhi ya kipupwe nikaitwa. Mungu wangu! Majani yote yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Na kabla hatujamaliza kusikitika, wakaja askari wa hifadhi wakang'oa na mashina, kwa sababu mle ndani ya hifadhi miti ya kuja hairuhusiwi kupandwa. Meneja akaniuliza sasa apande nini. Nikamwonyesha msitu uliokuwa nyuma ya jiko lake, mwangati na mzeituni pori, ikiwa imesimama pale tangu kabla ya babu zetu. Alishangaa. Alikuwa anaiita kichaka.

Nilitumwa mpaka Ololosokwan, shule ikitaka kivuli. Huko miche ililiwa na mbuzi mbele ya macho yangu nikiwa bado natoa hotuba ya kuitunza. Wazee wa Kimasai walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakauzungushia kila mche uliobaki boma lake la miiba kama ndama mchanga. Iliota. Nilirudi nimechoka na nimechekwa.

Sasa nije kwa Mangi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko chuo, ingawa yeye alidhani namsumbua tu.

Mnajua wenye maduka wa Kichaga nchi nzima wanaitwa Mangi. Huyu wetu jina lake Aloyce, kwao Rombo, aliuza misumari, mabati na saruji pale barabarani. Wapare na Wachaga ni watani, kwa hiyo tulisalimiana kwa matusi tangu siku ya kwanza. Mimi nikiingia dukani alipaza sauti, "Ficheni mizani, Mpare kaja, atatushtaki!" Nami nilimjibu kwamba Mchaga akifa hafumbi macho mpaka duka lifungwe. Kila Desemba alifunga duka kama Wachaga wote, akaenda Rombo kwa mama yake, na mji mzima ukakosa misumari mpaka mwaka mpya.

Mama yake, Bibi Apolonia, alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na miti mirefu juu yake. Alianguka mara moja akavunjika mkono, akakaa chini mpaka jirani alipopita. Siku Aloyce aliposimulia hilo dukani sikumtania. Akanunua kiwanja kikubwa upande wa juu, karibu kabisa na mpaka wa msitu, akajenga nyumba nzuri ya kumleta mama. Mama akakataa.

"Kasema nini?" nikamwuliza.

"Kasema haji kuishi kwenye godauni. Nyumba isiyo na migomba, kwake ni godauni." Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mama Miche, acha utani. Nitengenezee kihamba. Migomba ikiota, mama anakuja. Isipoota, siku moja nitapigiwa simu kwamba ameanguka tena."

Nikaenda na mtaimbo, na Bwana Akonaay akaja pia. Mtaimbo ulizama vizuri, sikatai. Lakini mzee alitembea mpaka mwisho wa kiwanja, akaturudia na kinyesi cha tembo kilichokauka juu ya koleo, akakiweka mbele ya Aloyce kama mtu anayemwandalia mgeni.

"Hapa pana njia yao," akasema. "Mvua ikiwa nzuri hawashuki. Ikikatika wanashuka. Na mgomba, bwana Aloyce, ni pipa la maji lenye majani."

Nami nikasema yangu. Mgomba unataka mvua ya Rombo, na hapa ni Karatu. Mwaka mmoja utacheka, mwaka wa pili utalia. Nikamchorea chini kwa kijiti: mashariki mistari miwili ya mwangati na mgrevilea ya kukata upepo, ndani mringaringa na mfudufudu kwa kivuli, mparachichi jirani na jiko unywe maji ya vyombo. Migomba michache tu, kwenye maji ya bafuni, mama asikose mtori, supu yake ya ndizi.

"Mfudufudu!" Aloyce akapiga makofi. "Nimtoe mama yangu Rombo aje atazame mfudufudu? Ule mti hata kuni zake zinanuna!"

Tukabishana mpaka jua likapinda. Mwishowe, ili ninyamaze tu, akanipa ile mistari miwili ya nje. "Panda hayo mafimbo yako nje ya ua, ila migomba yangu usiiguse." Nikaipanda kwa mikono yangu, kwa hasira, mche mmoja baada ya mwingine. Yeye akaenda Rombo akarudi na lori limejaa machipukizi: mchare, ndishi, kitarasa, aina zote za kwao.

Halafu zikaja mvua za Elnino. Jamani! Nani angeziota? Madaraja yalikwenda, magari ya watalii yalilala matopeni, makorongo yalimeza mashamba ya watu, na migomba ya Mangi ikapanda kama imetumwa. Nilikuwa naipita barabarani nikitazama upande mwingine. Siku moja akaingia ofisini kwetu na mkungu begani, ndizi nene ambazo hata Moshi sijaziona, akautua juu ya meza yangu pwaa!

"Mtaalamu," akasema, "huu ni mfudufudu?"

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Bwana Akonaay alichuma ndizi zake akala akitazama mawingu. Mimi nilikula tatu, na zilikuwa tamu, na nilikasirika kila tonge.

Bibi Apolonia akaja. Alikuwa mfupi, kanga mbili na rozari shingoni, mkono ule uliovunjika umepinda kidogo. Aloyce alinialika, na nilimkuta bibi anazunguka kila shina analigusa kama anahesabu wajukuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe Mpare uliyetaka kunipandia fimbo?" Akacheka na meno yake machache. Kisha akanivuta pembeni, utani ukamtoka usoni. "Mwanangu, nimemwacha mume wangu kule amelala peke yake kwa sababu ya migomba hii. Naambiwa hapa ni nyumbani, na nikiitazama naamini. Siku ikiondoka, nami naondoka. Nisije nikafia ugenini."

Desemba ile Mangi hakufunga duka. Watu walisimama nje wakitazama mlango ulio wazi siku ya Krismasi kama wameona mzimu. Alikuwa na furaha hata bei alisahau kupandisha.

Nikawa mtu wa pale. Bibi alinipikia mtori, akanifundisha kuuona mgomba wenye kiu kabla haujakunja jani, na kila nilipomwambia nimletee miche miwili mitatu ya akiba alinijibu, "Peleka kwa Wapare wenzako." Miaka ikaenda hivyo.

Kisha mvua zikaharibika. Siku hizi mnasema mabadiliko ya tabianchi, na mna chati zake. Sisi tulikuwa tunasema tu mvua imekuwa mwongo. Vuli ikaja siku chache ikapotea. Masika ikachelewa mpaka watu wakapanda mara mbili. Nilikuwa na kawaida yangu ya kugawa miche mwezi wa tatu, nimeizoea kama Baba Yetu, na nikaona miche ya Daa ikifia mashimoni imesubiri mvua. Ilibidi nianze kufikiri upya kila mwaka. Bibi Apolonia alikuwa anabeba maji ya vyombo, maji ya kufulia, maji ya kunawa, anayagawa kwa zamu. Bomba lilitoka mara moja moja. Migomba ikabaki kijani, na pale juu, katika kiangazi kile, hakukuwa na kijani kingine cha kuliwa nje ya msitu. Niliiona toka barabarani nikaikumbuka ile njia ya tembo. Nikamfuata Aloyce dukani, nikamwambia afunge kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, kama walivyofanya wengine wa mpakani. Akasema, "Jumamosi."

Ijumaa asubuhi alikuja kunifuata kitaluni. Kandambili mguu mmoja, mwingine peku. Hakunitania. Hakunisalimia. Alisema tu, "Twende."

Enyi watu! Nimekuwa mtu wa miti maisha yangu yote, sijawahi kuona kitu kile. Hakukuwa na mgomba hata mmoja uliosimama. Yote ilikuwa imelazwa, imekanyagwa, imetafunwa, nyuzi zimetapakaa uwanja mzima, nyayo kubwa kama sinia, tangi la maji limepinduliwa na kupasuka. Ukuta wa jiko ulikuwa chini. Na upande wa pili wa ukuta ule, mkono tu ungefika, ndipo kilipokuwa kitanda cha bibi. Nilikiona kitanda kimefunikwa vipande vya tofali, nikakaa chini.

"Yuko hai," Aloyce akasema. "Alikuwa ametoka kwenda chooni."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mbele, jembe mapajani. Alikuwa ametulia kuliko sisi. "Hawajaacha hata mbegu, mwanangu," akaniambia. "Nilisimama mlango wa choo nikawasikia wanachana, kama watu wanaochana mashuka. Nikamwomba Mungu wasije huku." Kisha akamgeukia mwanawe. "Aloyce. Nirudishe kwa mume wangu."

Aloyce alilia pale pale. Mtu mzima, mwenye duka. Alimwambia mama kule ataanguka tena, nani atamwokota? Bibi akasema, "Bora nianguke kwangu." Hapo ndipo Aloyce akaniomba niende nao, maana mama alikuwa ananisikiliza, labda njiani ningemgeuza. Nilikubali. Sikujua nitamwambia nini. Nilitaka kumwambia mwanawe nilikuonya, na nilipomtazama yule mtu na kandambili yake moja nikaacha.

Tukasafiri watatu. Himo njia inagawanyika, kulia ni kwetu Same, kushoto Rombo, na Aloyce alijaribu kusema Wapare washukie hapa, lakini hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa anatazama mbele tu. Karibu na kwake akaanza kunionyesha kwa kidole: pale kwa fulani, pale kanisani, na pale, baada ya kona, utaona giza, ndio kihamba chetu. Jua haligusi chini pale, akasema.

Kona tukapita. Giza sikuliona.

Shemeji yake aliyeachiwa kihamba alikuwa amekata miti ya juu. Mringaringa, mruka, msesewe, yote ilikwenda mbao, visiki ndivyo vilivyobaki. Kahawa ilikuwa imeng'olewa. Mfereji uliokuwa unaleta maji kutoka mlimani ulikuwa mkavu, una majani makavu na chupa za plastiki. Migomba ilisimama, ndiyo, lakini myembamba, majani yamechanwachanwa kama bendera kuukuu, na chini jua lilikuwa linawaka mpaka kwenye kaburi la mumewe. Shemeji akasema mvua ya siku hizi si ile, shemeji yangu, hata kwa wenzetu wa juu hali ni hiyo hiyo, ningefanyaje? 

Bibi Apolonia alisimama katikati. Kanga yake ikapeperuka, akaishika. Ikapeperuka tena. Akainua uso, akageuka huku, akageuka kule, kama mtu aliyeitwa na hajui nani kamwita.

"Huu ni nini?" akauliza.

"Ni upepo, mama," Aloyce akasema.

"Upepo." Alishtuka kabisa, nilimwona. "Nimeolewa hapa msichana. Nimezaa hapa, nimezika hapa. Humu hakujawahi kuingia upepo." Akanigeukia mimi. "Wewe Mpare. Upepo huu. Unatoka wapi?"

Na mimi nikawa sijui. Mtaimbo niliuacha Karatu, na hata kama ningekuwa nao, nilikuwa nalia.

Akaenda polepole mpaka kaburini. Pale palikuwa na masale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupanda mipakani na makaburini. Ndio peke yake uliokuwa vile vile, kijani, haujali. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaja akaniwekea mkononi kwa mikono miwili. Aloyce akaguta, "Mama!" Nikamtazama, sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba jani hilo likifungwa hivyo ni la kuomba msamaha, na aliyepewa hawezi kulikataa, hata kama ameuliwa mtu wake. Hajawahi kuona mama yake akimpa mtu yeyote.

"Nilizicheka fimbo zako," bibi akasema. "Wewe uliona mbali, mimi nilitazama nyuma. Ile mifudufudu unayo bado?"

"Ninayo, Bibi."

"Basi nipeleke." Akachukua jembe la shemeji yake, akachimba masale manne na udongo wake kutoka ubavuni mwa mumewe, akayafunga kwenye kanga ya pili. Hakuaga migomba. Aliliaga kaburi, kwa Kichaga, muda mrefu, na sikuuliza alisema nini.

Tulipanda upya mvua zilipokuja, yeye ameshika mche, mimi nashindilia udongo, Aloyce anabeba maji. Mifudufudu, miringaringa, mwangati ndani pia. Migomba michache mno, karibu na bafu, na kamba za pilipili kila upande. Tembo walirudi kiangazi kingine, wakaung'oa mparachichi mmoja, wakaenda zao. Mistari yangu miwili ya nje, ile ya hasira, ilikuwa imeshapita paa la nyumba. Katikati ya yote bibi akapanda masale yake, kwa mstatili. Aloyce akauliza ni ya nini. Akamwambia, "Usijifanye mtoto."

Bibi alifariki usingizini, mzee sana, mwezi wa nane. Ndugu walikuja kutoka Rombo na gari tayari la kubeba mwili, na kukawa na kelele. Mchaga azikwe Karatu? Imeonekana wapi? Shemeji alipiga kelele kuliko wote. Aloyce akawachukua kimya kimya, akawapeleka nyuma ya nyumba, akawaonyesha masale na kuwaambia yametoka kaburi gani na nani kayachimba. Walisimama. Mmoja akavua kofia, wengine wakafuata.

Siku ya mazishi upepo wa Karatu ulikuja na nguvu zake zote. Kule mbele ya nyumba turubai lilichanika, viti vya plastiki vilikimbizana uwanjani, akina mama walishika vilemba kwa mikono miwili. Kisha tukaingia ndani ya miti na jeneza. Padri alifungua kitabu chake. Kurasa hazikugeuka. Mishumaa iliwaka, imesimama.

Bwana Akonaay alikuwa amekuja, siku nyingi amestaafu, ameegemea fimbo karibu yangu. Akaniinamia sikioni.

"Binti Mpare. Upepo unatoka wapi?"

Nikainua mkono, nikausubiri. Hata unywele haukutikisika.

"Sijui, mzee," nikasema, na nikalia mbele ya watu wote.